Shamba la bondeni Rukwa linatoa mapovu: je, ni mafuta, heliamu, au maneno ya dalali?

*«Mtaalamu, shikamoo. Naishi Mwanjelwa, Mbeya mjini, ila shamba la ukoo liko bondeni Rukwa upande wa Momba, ekari kumi na mbili za mpunga na ufuta. Pembeni yake kuna dimbwi lisilokauka hata kiangazi. Linatoa mapovu mchana na usiku, na juu ya maji kuna utando unaong'aa rangi rangi kama dizeli. Miaka michache nyuma walipita watu wa utafiti, wakatandaza waya shambani, magari mazito yakatetemesha ardhi, wakatulipa mazao yaliyokanyagwa, wakaondoka. Sasa amekuja dalali anataka kununua shamba lote. Anasema chini kuna mafuta kama Uarabuni. Mwenzake anasema ni gesi ya heliamu. Mjomba hataki kusikia habari ya kuuza. Anasema Wazungu walichoronga Ivuna miaka ya themanini, wakakuta mafuta, wakafunga kisima kwa saruji ili waje kuyachukua baadaye. Je, kuna mafuta? Tuuze au tusubiri? Na kuna namna ya kupima wenyewe?»*

Marahaba, ndugu yangu. Kwa ulichonieleza, hakuna dalili ya mafuta inayotosha kubadilisha bei ya shamba lenu hata kwa shilingi moja. Heliamu bondeni Rukwa ipo kweli, lakini ikiwepo chini ya ufuta wenu haitakuwa yenu, wala haitakuwa ya dalali. Kinachowasumbua ninyi hasa, naona, ni hofu ya kuuza leo halafu mwakani msikie mnara wa kuchoronga umesimama palepale. Hofu hiyo ina msingi kidogo, na nitaifikia.

Tuanze dimbwini. Chukua kijiti kikavu, ukipitishe polepole katikati ya huo utando. Ukivunjika vipande vyenye kona kali, vikabaki vimeachana vikielea, hayo si mafuta. Ni kazi ya bakteria wanaoishi kwa chuma kilichoyeyuka majini, na ukitazama ukingoni utakuta utelezi wa rangi ya kutu. Mafuta hayavunjiki hivyo. Kijiti kikipita, yanajipinda na kuzunguka, kisha yanaungana tena nyuma yake. Na hata yakiungana, kabla ya kupiga simu kwa mtu yeyote, ulizia kwanza pawatila ya jirani inaoshewa wapi, na pampu ya kumwagilia inajaziwa dizeli upande gani wa mkondo. Utando mwembamba wa dizeli umeshawahi kuamsha vijiji vingi usiku.

Mapovu ni habari nyingine, maana gesi inayotoka majini inaweza kuwa ya aina tatu au nne na zote zinafanana kwa macho. Majani na matete yakioza kwenye tope lisilo na hewa hutoa methani, ile ile inayowaka kwenye majiko ya biogesi. Hiyo ipo karibu kila kinamasi na haina uhusiano na mafuta ya ardhini. Chemchemi za moto za bonde lenu hutoa zaidi naitrojeni, na ndani yake ndimo heliamu ilimojificha. Karibu na volkano hutoka kabonidaioksaidi. Najua kuna mtu atakushauri uwashe kiberiti. Usiwashe. Ikiwaka utajua ni methani tu, hutajua imetoka kwenye matete ya mwaka jana au kilomita tatu chini, na unaweza kuungua uso. Isipowaka, inaweza kuwa heliamu, naitrojeni au kabonidaioksaidi, na utabaki pale pale ulipokuwa.

Wapimaji hufanya hivi: wanafunika mapovu kwa faneli iliyopinduliwa chini ya maji, gesi inapanda kupitia mpira mwembamba na kuingia kwenye mrija wa shaba, wanaiacha ipite kwa muda ili isukume nje hewa ya kawaida, halafu wanaubana mrija kwa chuma pande zote mbili mpaka shaba inagandana. Kwa nini shaba? Kwa sababu heliamu ni gesi yenye chembe ndogo mno, inapenya mpira na plastiki. Mtu anayekuja na chupa ya maji ya Kilimanjaro kuchukua "sampuli ya heliamu" hajui anachofanya, au anajua vizuri sana.

Sasa mafuta yenyewe. Watu wengi wanawaza ziwa jeusi lililolala chini ya ardhi, kwamba ukilitoboa linaruka juu. Hakuna ziwa. Chukua tofali la kuchoma, limwagie kikombe cha maji: yanapotea ndani, na tofali halijawa na shimo lolote unaloweza kuliona. Mafuta hukaa hivyo ndani ya mwamba wa mchanga, katikati ya chembe na chembe. Ili yafike humo, mambo kadhaa lazima yatokee, tena kwa mpangilio.

Kwanza kunahitajika tope jeusi lililojaa mabaki ya mwani na viumbe vidogo vya majini. Tope hilo hujengeka vizuri kwenye ziwa lenye kina kirefu ambalo maji yake ya chini hayana hewa, kwa hiyo kinachozama hakiozi kikaisha. Ziwa Nyasa, lenye kina cha karibu mita 700, lina tabia hiyo hata leo. Pili, tope hilo lifunikwe na mashapo mengine mpaka lizame vya kutosha kuiva. Mafuta huanza kutengenezwa joto likifika kama nyuzi 60 na kuendelea, na likizidi sana, tuseme nyuzi 150, yanageuka gesi. Ardhi ya kawaida huongezeka joto kwa nyuzi 25 hadi 30 kila kilomita, kwa hiyo tunazungumzia kilomita mbili, tatu, nne kwenda chini. Kinachofuata ni mwamba wa mchanga wa kuyapokea, na juu yake tabaka la udongo mgumu wa kuyazuia yasipande na kupotea. Na umbo la kuyakusanya, mkunjo au mpasuko, liwe limeshajengeka kabla mafuta hayajaanza kusafiri. Umbo likichelewa, yamepita. Hili la wakati ndilo linaloua visima vingi, na ndilo lisiloonekana kwa macho kabisa.

Ukiangalia Ziwa Rukwa la leo, utaona tatizo lake. Ni ziwa la kina kifupi, halina mto unaotoka, linapanuka na kusinyaa, upepo unalivuruga mpaka chini. Ziwa la namna hiyo halihifadhi tope zuri. Zamani sana huenda lilikuwa tofauti, na chini zaidi kuna tabaka za kale zenye makaa ya mawe, za ukoo mmoja na makaa ya Kiwira. Makaa yakiiva hutoa gesi zaidi kuliko mafuta. Kwa hiyo mwanajiolojia akiliangalia bonde lenu hasemi "hakuna kitu." Anasema chombo kipo, mashapo yapo mazito, kilomita nyingi kati ya milima ya Ufipa na ukingo wa Lupa, ila anatafuta chanzo na haoni vizuri kiko wapi.

Ndiyo maana kampuni ya Amoco ya Marekani ilikuja. Mjomba wako hajatunga: mwaka 1987 walichoronga visima viwili bondeni, Ivuna na Galula. Cha Ivuna kilipita mita 2,300 na cha Galula kilikuwa kama mita 1,500. (Ivuna yenyewe ilikuwa tayari kwenye vitabu vya wanasayansi wa dunia kwa sababu nyingine kabisa: kimondo kilichoanguka pale Desemba 1938, cha aina adimu sana. Kijiji kile kina bahati ya kutembelewa na wageni wenye nyundo.) Visima vyote viwili vilikuta mchanga mwingi na havikukuta mafuta ya kuchimbwa.

Na saruji? Hapa naomba umfikishie mjomba kwa heshima zote. Kisima cha utafiti kikimalizika, kiwe kimepata au kimekosa, hakiachwi wazi. Kinazibwa kwa saruji sehemu kadhaa, kuanzia chini kabisa hadi karibu na uso wa ardhi, bomba la juu linakatwa, na pengine kinaachwa kibao au nguzo ya alama. Sababu ni maji yenu. Shimo la kilomita mbili linaunganisha tabaka la chumvi na tabaka la maji ya kunywa. Likiachwa, chumvi na gesi zitapanda hadi kwenye visima vya vijiji. Saruji ni kanuni ya kazi hiyo duniani kote, na tunaiona zaidi kwenye visima vilivyokosa, kwa sababu vilivyopata hufungwa vali na kurudiwa.

Halafu fikiri upande wa biashara. Leseni ya utafutaji ina muda, ina kazi ambazo lazima zifanyike, na muda ukiisha eneo linarudi serikalini. Kampuni iliyokuta mafuta ikanyamaza inampa mshindani zawadi. Data zote za kazi hiyo ni mali ya Serikali na hutunzwa kwa ajili ya wanaokuja baadaye. Na walikuja: kampuni ya Heritage Oil ilichukua kitalu cha Rukwa mwaka 2011, na watafutaji wa heliamu nao waliisoma upya mistari ya mitetemo (picha za matabaka ya ardhi) iliyorekodiwa enzi za Amoco. Siri ambayo kila mwenye leseni anaisoma si siri.

Utavunjika moyo nikikwambia kwamba nchi hii mpaka leo haijapata mafuta ghafi ya kibiashara mahali popote. Songo Songo mwaka 1974, Mnazi Bay 1982, bahari kuu kuanzia 2010: zote gesi. Hata pale ambapo mafuta yanachuruzika yenyewe juu ya ardhi, kama Tundaua kule Pemba, au mchanga uliolowa lami wa Wingayongo karibu na Rufiji, hakuna kisima kinachouza. Upande wa pili, mwenye matumaini atakuonyesha Uganda, na ana haki. Ziwa Albert liko kwenye tawi moja na Rukwa la Bonde la Ufa. Wenyeji wa Kibiro walijua machuruziko yao zamani, kisima cha kwanza, Waki, kilichorongwa mwaka 1938, na ugunduzi wa kibiashara ukaja 2006. Kenya nao walipata Lokichar, kisima cha Ngamia, mwaka 2012. Kwa hiyo Bonde la Ufa linaweza. Lakini hesabu miaka hiyo ya Uganda kabla hujamwambia mtoto aache shule.

Kuhusu wale waliotandaza waya: kazi yao ilikuwa kusikiliza mwangwi. Gari zito linatetemesha ardhi, mawimbi yanashuka, yanagonga mipaka ya matabaka na kurudi, vipokezi vilivyochomekwa udongoni vinarekodi muda wa kurudi. Kinachopatikana ni picha ya maumbo: hapa tabaka limekunjika, hapa limekatika. Picha haionyeshi kilichomo ndani ya vinyweleo vya mwamba. Wangeweza kuona mkunjo mzuri sana uliojaa maji ya chumvi. Kupita kwao shambani kwenu hakumaanishi walikuta kitu chini yenu. Mstari wa mitetemo huenda makumi ya kilomita moja kwa moja, na shamba lenu lilikuwa njiani. Karatasi ya fidia ya mazao, kama mnayo, itunzeni. Ni ushahidi mzuri kwamba kampuni ilishawatambua kuwa ndio mnaolima pale.

Heliamu ndiyo hadithi halisi ya bonde lenu, na naomba nikae hapo kidogo. Heliamu haitokani na viumbe waliooza. Inatokana na urani na thori, madini yenye mionzi, yaliyomo kwenye miamba ya kale sana, ile granaiti ya mababu iliyo chini ya mashapo yote. Madini hayo yanaoza polepole kwa mamilioni ya miaka, na hatua nyingi za kuoza huko zinaachia chembe ya heliamu inayonaswa ndani ya jiwe. Ingebaki humo milele kama si joto. Volkano za Rungwe na mpasuko wa Bonde la Ufa zilipopasha moto ukoko wa ardhi, jiwe likaiachia, naitrojeni ikaibeba juu kupitia nyufa. Ila kuna mtego: ukikaribia mno volkano, kabonidaioksaidi inazidi na kuizimua. Ndiyo sababu Busokelo, chini ya Kyejo, gesi inayovunwa kwa ajili ya viwanda vya vinywaji ni kabonidaioksaidi, na heliamu inatafutwa mbali kidogo, Rukwa.

Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza makadirio ya futi za ujazo bilioni 54 katika sehemu ya bonde. Hiyo ilikuwa hesabu ya mezani, kabla ya kisima. Uchorongaji ulianza 2021, na mwaka 2024 kampuni hiyo ikatangaza kwamba kisima cha Itumbula kimetoa heliamu, kutoka kwenye mwamba wa kale uliopasuka na si kwenye mchanga wa juu. Ni jambo kubwa kwa sayansi. Kwa mkulima wa ufuta maana yake ni kwamba gesi iko kwenye nyufa fulani, na mwenye leseni ndiye anayechagua pa kuchoronga.

Tuje kwenye haki. Madini na petroli (yaani mafuta ghafi na gesi asilia) yote chini ya ardhi ya Tanzania ni mali ya Jamhuri, iwe shamba ni la nani. Petroli ina Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, msimamizi wake ni PURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti utafutaji wa mafuta na gesi, na leseni hupitia TPDC, shirika la petroli la taifa. Heliamu inaendeshwa kwa leseni za madini, chini ya Tume ya Madini. Kwa hiyo dalali anayesema ananunua "shamba na kilicho chini" ananunua shamba tu. Anayetaka umlipe ada ya kupima, au kukuuzia hisa ya leseni ya kijiji, huyo mwite mbele ya mtendaji wa kijiji aseme tena. Mara nyingi anaondoka kabla ya kikao.

Ila dalali naye ana hesabu yake, na ndiyo hofu yenu iliyo na msingi. Mradi ukija kweli na Serikali ikatwaa eneo, mwenye shamba hulipwa: thamani ya soko ya ardhi, mazao na majengo, posho ya usumbufu, usafiri, makazi, na faida aliyopoteza. Fidia inatakiwa ilipwe mapema, na ikichelewa zaidi ya miezi sita kuna riba. Dalali anacheza kamari kwamba atalipwa yeye badala yenu. Kamari hiyo ina nafasi ndogo, kwa sababu kisima kimoja kinahitaji eneo dogo sana, na bonde ni kubwa.

Ningekuwa kwenye kikao cha ukoo wenu, ningeshauri hivi. Kama mna shida ya fedha, uzeni kwa bei ya shamba la mpunga lenye maji ya kudumu, ambayo tayari ni bei nzuri, na muuze mbele ya halmashauri ya kijiji, si chini ya mwembe. Kama hamna shida, msiuze, lakini msikae kusubiri mafuta pia. Pimeni mpate hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina linaloeleweka. Ugomvi unaoua fidia nyingi si wa kampuni na kijiji, ni wa ndugu wawili waliokuja na majina tofauti siku ya mthamini. Mkodishe mkitaka, kwa maandishi na kwa msimu. Kushika shamba miaka ishirini bila kulima kwa sababu ya uvumi ndilo chaguo baya kuliko yote, na nimeona familia zikilichagua.

Kuna wakati wa kuacha kusoma majibu kama haya na kumtafuta mtu aje. Mkiona vyura, panya au ndege wamekufa kando ya dimbwi, hasa asubuhi kabla ya upepo, au mtu akizunguzwa kichwa akiinama pale, ondokeni wote. Kabonidaioksaidi ni nzito kuliko hewa, inakaa mabondeni na kwenye mashimo, haina harufu, na anayeshuka kumwokoa mwenzake huanguka juu yake. Msichimbe kisima wala shimo karibu na mapovu, na mtoto asitumwe kuchota hapo. Mtu akianguka, piga 114, zimamoto na uokoaji, na msubiri juu. Maji ya kisima cha nyumbani yakibadilika ladha au kuanza kutoa harufu ya yai bovu, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa iko hapo hapo Mbeya mjini. Mkitaka kujua gesi yenyewe ni nini, andikieni Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma kupitia ofisi ya kijiji, barua ya kijiji hujibiwa haraka kuliko ya mtu mmoja. Karatasi yoyote ya dalali, kabla ya kidole gumba cha mjomba, apitie wakili au msaidizi wa kisheria wa wilaya.

Na kama mnataka kujua kama shamba limo ndani ya leseni ya mtu, nenda ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa mkoa. Kabla ya safari, simama kwenye kila kona ya shamba, fungua ramani kwenye simu, uandike namba za mahali kwenye daftari, kona zote. Jina la kijiji peke yake halitoshi kule, watakurudisha.